Ishirini na Moja Nukta Nne

Mimi si mwalimu. Nimeambiwa hivyo mara nyingi mno, kwa hiyo bora nitangulie kusema mwenyewe kabla hujaniambia wewe. Mimi ni mtunza maabara wa shule ya sekondari ya wasichana, kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na tisa, na wanafunzi wananiita Mama Chupa. Naosha vyombo vya kioo, napima kemikali, nafungua na kufunga makabati. Nikitoa maoni kuhusu kemia, mwalimu wa kemia ananitazama kama mtu aliyesikia kabati likiongea.

Mwalimu mwenyewe wasichana wamembatiza Desimali, kwa jinsi anavyopenda namba zenye nukta. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Ni mtu mpole, hapigi, hatukani, hesabu anazijua, na ana vipindi thelathini na vinne kwa wiki. Ila maabara haiwezi. Anaingia mikono nyuma, kama mgeni katika nyumba yenye mbwa. Tuna bureti sita, yale mabomba membamba ya kioo yenye mistari ya vipimo na koki chini, na mbili kati yake zinavuja. Wasichana wa darasa la mwisho mwaka ule walikuwa arobaini na watatu. Desimali alishapiga hesabu hiyo siku nyingi, akaona haigawanyiki, akaacha. Kwake jaribio linafanyika ubaoni: anachora bureti, anachora chupa, anaandika rangi itakayotokea, kisha anawapa namba waijaze kwenye jedwali. Wasichana wanaita kupika. Umeshapika? Nimepika, hebu nionjeshe yako. Wanacheka, na mimi nilikuwa nikicheka nao, maana ukikasirika kila siku utakufa na presha.

Usidhani hatuna sayansi. Kabatini kwangu yamo makoti meupe kumi na mawili, yamepigwa pasi, hayajawahi kumwagikiwa na kitu. Wageni wakija na bango lao la wasichana na sayansi, mkuu wa shule anatuma mtu kuniambia, natoa makoti, wanachaguliwa wasichana kumi na wawili wenye nywele nadhifu, nawachanganyia maji ya zambarau. Wanayamimina kutoka bilauri hii kwenda bilauri ile huku wanapigwa picha. Wageni wakiondoka naosha bilauri na kukunja makoti. Mwaka mmoja picha hiyo ilitoka kwenye kalenda, na msichana aliyekaa mbele kabisa, anayetabasamu na bilauri mkononi, alikuwa na alama kumi na moja kwa mia katika kemia.

Katika wale arobaini na watatu alikuwemo mtoto wa kaka yangu. Kaka ni fundi redio, mtu asiyeamini kitu mpaka akifungue aone ndani, na binti yake amerithi ugonjwa huo huo. Darasani walimwita Nimeona. Desimali akitaja rangi ubaoni, yeye huinua mkono: lakini mwalimu, mimi nimeona nyingine. Alitaka kazi moja tu duniani, kupima damu katika maabara ya hospitali. Udaktari hakuutaka. Alisema madaktari wanaongea sana, na kwamba yeye angependa kuwa yule mtu wa chumba cha nyuma ambaye daktari mwenyewe lazima amsubiri. Ili afike huko ilibidi aendelee na masomo ya juu upande wa sayansi, na upande huo hawakupokei kama kemia imekushinda. Mengine yote alikuwa anayamudu. Kaka alishasema wazi kwamba kama mlango huo ukifungwa, binti atakaa naye kwenye kibanda chake cha redio, kazi ipo.

Kwa miaka miwili, kila Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, alikuja kwenye chumba changu cha maandalizi, kile chenye kidirisha cha kupitishia vyombo kwenda maabara. Nilimfundisha kushika koki kwa mkono wa kushoto na kuzungusha chupa kwa mkono wa kulia. Nilimfundisha kushusha jicho mpaka lilingane na mstari, asisome kutoka juu kama twiga. Chini kwenye chupa tunaweka alkali, tunaidondoshea kiashiria inakuwa waridi, halafu kutoka kwenye bureti tunaifungulia tindikali kidogo kidogo mpaka uwaridi ufe. Mwishoni ni tone moja tu. Tone moja likianguka, rangi yote inaondoka, na hapo ndipo unasoma bureti. Mara ya kwanza alipolipata tone hilo sawasawa aliomba kurudia. Nilimpa sheria moja tu: andika ulichoona, hata kikiwa kibaya, hata kama jirani yako ameona kizuri. Kusema kweli nilikuwa na kiburi. Watu wote walikuwa wananiambia mimi si mwalimu, nami nilikuwa na mwanafunzi mmoja anayejua kazi kuliko darasa zima.

Sasa nije kwenye kopo, maana kosa ni langu na sitalizungusha.

Alkali yetu huja katika kopo, punje nyeupe kama vidonge vidogo. Punje hizo zina ulafi. Ukiziacha wazi zinanyonya unyevu wa hewa, zinalowa, zinashikana, na nguvu yake inapungua ingawa uzito uko pale pale. Kila mtunza maabara anajua hilo kabla hajajua choo kiko wapi. Siku moja kabla ya likizo nilikuwa napima punje hizo, ujumbe ukaja kwamba wageni wako getini, haraka, makoti. Nikauweka mfuniko juu ya kopo bila kuukaza, nikakimbia. Baada ya picha nikafunga maabara, nikaenda zangu likizo. Niliporudi nilikuta punje za juu zimekuwa uji. Nikazichota nikazitupa, nikajiambia za chini ni nzima, nikaukaza mfuniko kwa nguvu kana kwamba ndiyo dawa.

Kabla ya mtihani wa vitendo shule inaletewa barua ya siri yenye orodha ya kutayarisha. Safari hii iliagiza gramu nne za alkali hiyo katika kila lita ya maji, na tindikali ya nguvu iliyotajwa. Desimali alisoma barua, akatoa kalamu, na kabla sijamaliza kufuta mizani alikuwa na jibu, mililita ambazo bureti itasoma: ishirini na tano nukta sifuri. Kwa hesabu za karatasini alikuwa sahihi kabisa. Kisha akafanya anachofanya kila mwaka. Katika kipindi cha marudio aliwaambia wasichana kwamba anahisi, anahisi tu, kuwa swali la vitendo litakuwa na ishirini na tano, na kwamba mtu asijaze ishirini na tano mara tatu mfululizo kama roboti. Aandike ishirini na nne nukta tisa, kisha ishirini na tano, kisha ishirini na tano nukta moja, ionekane mkono umetetemeka kidogo.

Nilichanganya dawa zile mchana, siku moja kabla ya mtihani. Roho haikutulia, nikazijaribu. Ishirini na moja nukta nne. Nikarudia. Ishirini na moja nukta nne. Mara ya tatu sikuhitaji hata kusoma, nilijua. Niliiandika kwenye kipande cha karatasi, nikaenda nacho chumba cha walimu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa nje halijui. Siku ya mtihani mwalimu wa kemia naye anatakiwa alifanye jaribio lile lile, kwa dawa zile zile, aandike alichopata kwenye karatasi yake, iingizwe katika bahasha pamoja na za wanafunzi. Msahihishaji hana dawa zetu huko aliko. Anachonacho ni karatasi ya mwalimu, na kila mwanafunzi anapimwa kwa ukaribu wake na namba ya mwalimu. Ni mpango mzuri. Aliyeubuni alimdhania kila mwalimu kwamba atafungua koki.

Desimali alikuwa amekwisha kuijaza karatasi yake tangu Jumatatu. Nilimwambia alkali imechoka, nikamwonyesha kipande changu. Alikisoma, akanirudishia kwa adabu.

"Dada, barua inasema gramu nne. Umepima gramu nne?"

"Nimepima."

"Basi dawa ni sahihi. Wewe si mwalimu, usijitafutie kazi isiyo yako. Kama kopo lina shida kamwambie mkuu, aagize jingine."

Kwa mkuu wa shule kulikuwa na hatua ishirini. Nilizipiga kumi. Nilijua swali lake la kwanza litakuwa nani aliliacha kopo wazi, na mwaka huo huo mlinzi alikuwa ameachishwa kazi kwa kulala. Nilirudi maabara. Nilijiambia kwamba wasichana wote wataandika ishirini na tano walivyofundishwa, mwalimu ameandika ishirini na tano, hakuna atakayeumia. Kwa wasichana wote nilikuwa sahihi isipokuwa mmoja, na huyo mmoja nilikuwa nimemharibu mwenyewe.

Kwa ajili ya mtihani tuliazima bureti kutoka shule ya wavulana, ambako nako zilikuwa hazina kazi. Waliingia kwa makundi. Mtoto wa kaka yangu alikuwa katika kundi la kwanza, meza iliyokuwa karibu na kidirisha changu. Wenzake walijaza jedwali kwanza, kisha wakafungua koki dawa zikashuka, kwa heshima ya msimamizi aliyekuwa akipita. Yeye alifanya kazi. Nilimwona akishusha jicho, akisubiri tone, akisoma. Akasita. Akamwaga, akaosha chupa, akaanza upya. Mara ya tatu alipomaliza aliweka kalamu chini, akainua mkono. Msimamizi, mtu kutoka nje asiyejua tofauti ya tindikali na chai, alimwambia aandike alichopata, muda unakwenda.

Ndipo akageuka akanitazama kupitia kidirisha. Ishirini na tano aliisikia kama wenzake wote. Hakuwa anauliza namba. Alikuwa anauliza kama sheria yangu bado ipo.

Ningeweza kutikisa kichwa kumkataza. Msimamizi alikuwa amenipa mgongo, hakuna ambaye angeona. Mimi nikainama kwenye karo nikaosha bilauri ambayo ilikuwa safi. Nilipoinua macho alikuwa anaandika.

Matokeo yalipotoka, shule yetu ilitajwa kwa kufanya vizuri katika mtihani wa vitendo wa kemia. Wasichana arobaini na wawili walipata karibu alama zote za vitendo. Mkuu wa shule alisoma barua ya pongezi mstarini asubuhi, Desimali akapigiwa makofi, akainamisha kichwa kama bwana harusi. Mtoto wa kaka yangu alifaulu vizuri masomo yote, akaanguka kemia. Alama za usomaji hakupata hata moja, na hesabu zote zilizotegemea usomaji ule zilikwenda nao.

Niliitwa nyumbani kwa kaka. Wifi yangu hakunikaribisha kiti, nikakaa mwenyewe. Binti alikuwa ameketi mezani, mbele yake karatasi aliyojiandikia kila hatua ya siku ile kwa kumbukumbu. Alimweleza baba yake taratibu, bila kulia: niliosha bureti kwa tindikali yenyewe, nilisoma chini ya mkunjo wa maji, nilirudia mara tatu, nilipata ishirini na moja nukta nne, nne, na tano. Kaka aliyasikiliza maelezo yale yote kama anavyosikiliza redio mbovu, kichwa upande, akitafuta waya uliokatika. Halafu akanigeukia mimi.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyezichanganya hizo dawa. Mtoto kakosea wapi?"

Nilisema hakukosea. Nilisema dawa ndiyo ilikuwa na kasoro na kwamba nitakwenda kulisema. Kuhusu mfuniko sikusema. Binti alinitazama kwa furaha, akasema, "Kwa hiyo niliona sawa, shangazi." Furaha ile ndiyo iliyonikata maini.

Safari hii hatua zote ishirini nilizimaliza. Mkuu wa shule alinisikiliza mpaka mwisho, hata mfuniko nilimwambia. Sikuwahi kumwona ametulia vile. Aliniuliza kama naelewa barua ya malalamiko itafanya nini. Wakubwa wa mitihani watauliza ni vipi chupa moja ilimpa msichana mmoja ishirini na moja, ikawapa arobaini na wawili ishirini na tano. Jibu ni moja tu. Matokeo ya darasa zima yatafutwa, kwa udanganyifu, na shule itafungiwa mtihani.

"Arobaini na wawili," alisema. "Wengine wameshapata nafasi, wazazi wao wamelia kwa furaha. Nenda ukaiandike hiyo barua kama roho yako inakutuma. Mimi sitakuzuia."

Na kweli hakunizuia. Hakusema neno juu ya kazi yangu wala kopo. Mpaka leo ningependa angalau angenitisha, nipate mtu wa kumlaumu. Nilikaa na karatasi nyeupe siku tatu katika chumba cha maandalizi, nikiwataja wale wasichana mmoja mmoja kichwani, yule mwenye kigugumizi, yule aliyekuwa ananisaidia kufuta vumbi, na kila nilipofika kwa mtoto wetu nilikuta upande wa pili wa mizani umejaa watu. Barua sikuandika. Nilimwambia kaka kwamba muda wa malalamiko umepita, na huo ulikuwa uongo.

Kaka alikubali binti arudie mwaka, mara moja, na akisema mara moja anamaanisha. Alirudi akakaa dawati la nyuma na wasichana waliokuwa wadogo zake. Hawakumwita Nimeona, hawakuwa na sababu. Mkono hakuinua tena. Jumanne ya kwanza nilimtayarishia bureti, nikapangusa kiti. Hakuja. Alhamisi hakuja. Tukikutana koridoni aliniamkia vizuri, kwa adabu zote, akapita.

Mwaka huo nilikuwa na kopo jipya, halijaguswa. Barua ya siri ilipofika nilipima kwa mkono usiotikisika, nikazijaribu dawa mara tano. Nilipata ishirini nukta mbili kila mara. Desimali kwa kalamu yake alikuwa amepata ishirini nukta sifuri, karatasi yake imeshajazwa. Tofauti ilikuwa ndogo mno, ndani ya ukaribu unaoruhusiwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi msichana angeweza kuona ukweli na kupewa alama zake.

Alikuja mchana huo, vipindi vimekwisha. Hakuingia chumbani. Alisimama upande wa maabara, akainama kwenye kidirisha kama mtu anayenunua kitu dukani.

"Shangazi, mwalimu ameandika ngapi?"

Nilimwambia dawa ya mwaka huu ni nzima. Nilimwambia nimeijaribu mwenyewe mara tano, hana haja ya namba ya mtu, afungue koki tu afanye kama nilivyomfundisha na atapata alama zote. Nilizungumza haraka, na nadhani nilikuwa karibu kumsihi.

Alinisubiri nimalize.

"Mwaka jana nilifanya kama ulivyonifundisha. Nikakutazama, ukaosha bilauri." Hakusema kwa hasira. "Sitaki kuona, shangazi. Nataka aliyoiandika."

Nikamwambia. Nilimtajia ishirini nukta sifuri, na nikaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba aandike na kumi na tisa nukta tisa mahali fulani ili ionekane mkono umetetemeka. Alinishukuru akaenda zake.

Kesho yake alijaza jedwali kabla hajagusa koki. Alama yake ilikuwa ya juu kuliko zote katika kemia, na mkuu wa shule alimwita mbele mstarini. Kaka alifunga kibanda siku nzima. Wifi yangu alinikumbatia, akasema kweli wewe ni shangazi, umempigania mtoto. Nami nikamkumbatia.

Masomo ya juu ameshayamaliza, sasa yuko chuoni, mwaka wa pili. Anajifunza kupima damu, na walimu wake wanamsifu kwamba matokeo yake hayapishani kabisa na ya kitabu. Kaka anamsimulia kila mteja anayeleta redio. Mimi nimeanza kusumbuliwa na kizunguzungu, na binti amesema likizo akija kwenye mazoezi hospitalini hapa kwetu nifike, anipime mwenyewe. Nimemjibu nitafika. Juzi nimepanda gari, nikaenda kupimwa mji mwingine.